Siku Moja Akamas: Jipi la Kiongozi, Bagi, Gari la Kukodi au Boti?

Anayeshika usukani Akamas haioni Akamas. Anaona mashimo. Mimi nililijua hili mwisho, baada ya kwenda mara mbili na kulipia njia tatu, na mume wangu akiwa amepita kando ya moja ya pwani nzuri kabisa za Bahari ya Mediterania huku macho yake yameganda mita kumi mbele ya bonati.

Rasi ya Akamas ni ile ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Kupro, juu ya mji wa Paphos. Wasomaji wa Biblia wanaujua mji huo kwa jina la Pafo: ndiko Paulo na Barnaba walikokutana na liwali Sergio Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 13. Ndani ya rasi hakuna mji. Jeshi la Uingereza liliendelea kufanyia huko mazoezi ya silaha miaka mingi baada ya kisiwa kupata uhuru wake mwaka 1960, na bila shaka hakuna mwenye hoteli anayependa kujenga mahali panapolengwa shabaha. Sasa ni eneo la hifadhi, limo katika mtandao wa Natura 2000 wa Umoja wa Ulaya. Kuna vichaka vya mreteni na thaimu, mbuzi, makorongo ya mawe ya chokaa, fukwe wanakotagia kasa, na barabara za vumbi.

Hizo barabara ndizo zinazoamua siku yako itakuwaje. Kuna milango miwili. Ya kwanza ni ya kusini: unatoka Paphos, unapita Coral Bay na mapango ya bahari ya Pegeia, ambako meli ya mizigo Edro III imekwama kwenye miamba tangu 2011 na kugeuka kivutio cha wapiga picha, halafu unafika Agios Georgios. Kidogo baada ya hapo lami inakwisha. Unaendelea kwa vumbi kupitia mdomo wa korongo la Avakas hadi ghuba ya Lara, na kila ukisonga kaskazini ya Lara njia inazidi kuharibika. Mlango wa pili ni wa upande wa mji mdogo wa Polis: lami inakupeleka vizuri kupita bandari ya Latchi hadi kibwawa kiitwacho Bafu la Afrodite, halafu inakuacha kwenye njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, bahari ikiwa chini yako, kuelekea maji ya buluu wanayoyaita Blue Lagoon. Kuunganisha milango hiyo miwili kwa siku moja ndiko kunakouzwa na wenye majipi. Njia tatu nyingine hukupa kipande tu.

Jipi lenye dereva na kiongozi

Mara nyingi dereva ndiye kiongozi. Anakuchukua hotelini asubuhi, saa mbili au saa tatu, anakurudisha alasiri. Gari lenyewe kwa kawaida ni fowili ya kizamani ya Land Rover, viti viwili vya mbele na mabenchi mawili ya nyuma yanayotazamana, watu saba au wanane. Usiwe na haya ya kuomba kiti cha mbele kama una mzee. Mabenchi ya nyuma yanakugeuza ubavu, na kwenye kona za mlimani tumbo nalo linageuka. Mama mkwe wangu, mwenye mgongo wa miaka sabini na mbili, alikaa mbele kama bibi harusi, na yule dereva alikuwa akimwita *yiayia*, yaani nyanya, na kumwambia *siga siga* kila walipokaribia bonde. Kwa Kigiriki maana yake ni "polepole". Mpaka leo akiona mtu anakimbiza gari kwetu Maskati, Oman, anasema siga siga.

Ninachokilipia kwenye jipi ni macho na mdomo wa dereva. Bila yeye, mti wenye maganda meusi yaliyokunjamana ni mti tu. Yeye alisimama, akachuma ganda, akalivunja, akatupa tuonje: utamu wa kahawia, kama tende iliyokauka kupita kiasi. Ni mkarobu, ambao Wakupro waliuita dhahabu nyeusi zamani za kuuza maganda yake nje, na wengi wanaamini ndiyo yale maganda waliyokula nguruwe, ambayo mwana mpotevu alitamani kujishibisha nayo. Mwanangu wa miaka tisa aliyatia mfukoni na kuyala hadi uwanja wa ndege.

Pale Lara thamani yake ilionekana zaidi. Aina mbili za kasa hutaga huko, kasa wa kawaida na duvi mwenye kichwa kikubwa, na idara ya uvuvi ya Kupro imekuwa ikiwalinda tangu 1978. Kwa sisi tuliokulia Tanga, jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba bahari ile karibu haipwi wala haijai. Mchanga wanaotumia kasa ni ukanda mwembamba tu, na viota viko hatua chache kutoka ulipotandika taulo. Viota hufunikwa kwa vizimba vya chuma kuzuia mbweha. Miezi ya kutaga na kuangua, Juni hadi Septemba, ni marufuku kuchomeka miavuli, kuingiza gari mchangani au kubaki ufukweni usiku. Dereva wetu aliliacha jipi juu, akatuonyesha pa kukanyaga. Kundi la watu waliofika na gari lao la kukodi walikuwa wamekaa katikati ya vizimba viwili, nadhani kwa kutojua tu.

Ubaya wa jipi ni saa. Siku si yako. Kila kituo kina dakika zake: robo saa Lara, nusu saa kwenye korongo, saa moja ya kuogelea. Ukipata abiria mmoja mchelewaji, nyote mnachelewa. Halafu kuna chakula. Matangazo mengine yanasema "siku nzima" bila kusema kwamba mezani unajilipia, kwa hiyo uliza kabla. Kama hamli nguruwe, semeni mapema pia, maana nyama hiyo iko kila mahali na huingia hata kwenye meze, zile sahani ndogondogo nyingi zinazoletwa pamoja, ambako huitarajii. Cha kutafuta ni kleftiko: mwanakondoo aliyepikwa saa nyingi ndani ya tanuri la udongo lililozibwa. Watu wa Oman, ni binamu wa shuwa, nyama yetu ya kuokwa shimoni. Ilipofika mezani, mume wangu alinyamaza kwa mara ya kwanza siku ile.

Bagi na pikipiki za matairi manne

Hii sikuipanda mwenyewe. Mdogo wangu na shemeji waliichukua siku ileile tuliyokwenda na jipi, na tulikutana nao Lara. Sikuwatambua. Walikuwa na rangi moja kutoka kofia ngumu hadi viatu, rangi ya njia.

Kwenye matangazo bagi, yaani kigari kidogo cha wazi cha njia mbaya, ni upepo na uhuru. Kwenye safari ya msafara yenye kiongozi, ni foleni. Kiongozi yuko mbele kwenye hewa safi, nyuma yake bagi la pili linakula vumbi lake, la tatu linakula la wawili, na ukiwa wa sita, basi. Dawa ni tatu: omba nafasi ya mbele, vaa miwani ya kufunga macho yote na skafu ya kuziba pua, na uende Machi, Aprili au Novemba. Kiangazi cha Kupro hakina mvua, vumbi la Agosti ni unga. Lakini pia usiende siku mbili baada ya mvua kubwa ya majira ya baridi, maana udongo ule hugeuka sabuni.

Shemeji alifurahi sana, nikiri. Ni mtu wa magari, na kwake njia mbaya ndiyo safari yenyewe. Mdogo wangu alishuka akishika kiuno. Alipoulizwa ameona nini njiani alisema, "Mgongo wa mwenye bagi la mbele, dada." Wote wawili hawakuona Bafu la Afrodite, kwa kuwa safari yao ya nusu siku iliishia Lara na kurudi. Mabagi mengi hufanya hivyo, na si vibaya, ila usilipe ukidhani utazunguka rasi nzima.

Upande wa usalama siwezi kupaka sukari. Pikipiki ya matairi manne hupinduka kwa urahisi kuliko inavyoonekana, hasa kwenye kona ya mteremko, na kwa asiyewahi kuiendesha ile njia ya ubavuni mwa mlima baada ya Bafu la Afrodite si mahali pa kujifunzia. Bagi, lenye viti viwili, vyuma vya juu na mikanda, ni afadhali mara nyingi. Dereva atatakiwa leseni. Soma vizuri karatasi ya bima kabla ya kusaini: mara nyingi inamlinda mwenye chombo kuliko inavyokulinda wewe. Watoto wadogo, wajawazito na wenye migongo mibovu wabaki nje ya hesabu hii kabisa.

Kitu kimoja kwa upande wake: bei hutozwa kwa chombo. Mkiwa wawili mnagawana. Jipi hutozwa kwa kichwa.

Gari la kukodi

Kwa Mswahili hii inavutia kuliko zote, na sababu ni nzuri. Kupro wanaendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, urithi wa Mwingereza uleule aliyewaachia hata plagi za umeme za miguu mitatu. Huhitaji siku ya kuzoea. (Sisi tuliotoka Oman, wanakoendesha kulia, tulihitaji, na mume wangu aliwasha waipa badala ya taa ya kona mara nyingi kiasi kwamba watoto walianza kuhesabu.) Namba za magari ya kukodi ni nyekundu, kila mwenyeji anajua u mgeni na anakupa nafasi. Familia ya watu watano inalipa gari moja badala ya viti vitano. Unasimama unapotaka.

Tulifanya hivyo safari ya kwanza, na gari dogo la kawaida. Hadi Agios Georgios ilikuwa raha tupu. Baada ya lami kwisha, njia ina mikunjo kama ubao wa kufulia, kisha mawe, kisha mashimo. Tulifika Lara. Magari madogo hufika Lara wakati wa kiangazi, polepole sana. Tukarudi na pancha, na kampuni iliyotukodisha, ambayo siitaji, ikatukata fedha ya tairi. Walikuwa na haki: kwenye mkataba, kwa herufi ndogo, bima haikugusa tairi, kioo cha mbele wala chini ya gari, na haikugusa chochote kile nje ya lami. Huo ni utaratibu wa kawaida kisiwani, si ujanja wa kampuni moja. Ukikodi gari dogo na kuliingiza vumbini, umekuwa kampuni ya bima wewe mwenyewe.

Unaweza kukodi fowili. Hilo linakufikisha mbali zaidi, ingawa uliza waziwazi kama mkataba unaruhusu barabara za udongo, kwa sababu fowili kuwa na matairi makubwa haina maana kwamba karatasi nayo imeruhusu. Na usitegemee ramani ya simu. Serikali imekuwa ikizitengeneza baadhi ya barabara za Akamas, kazi ikazua ugomvi mkubwa na watetezi wa mazingira na kusimama njiani, kwa hiyo kipande kilichokuwa kizuri mwaka juzi si lazima kiwe kizuri leo. Kuna sehemu mtandao wa simu unakata. Namba ya dharura ni 112, lakini namba haikusaidii kama huna mtandao wala hujui uko wapi.

Korongo la Avakas ndipo gari lako mwenyewe linapolishinda jipi, kwa masharti. Ni kutembea kwa miguu kati ya kuta za chokaa zinazokaribiana hadi unagusa zote mbili, na huko ndiko kunakoota ua dogo la zambarau linaloitwa *Centaurea akamantis*, ambalo asili yake ni Akamas peke yake. Nusu saa ya jipi haitoshi. Ila mawe huporomoka kutoka juu, na korongo hufungwa kwa ajili hiyo. Uliza hotelini asubuhi ileile. Ukikuta kibao cha kufungwa, geuza gari, usifuate wanaoruka kamba.

Boti kutoka Latchi

Nitasema kwa ufupi kwa sababu si safari ya barabara, lakini ingekuwa dhambi kuiacha. Kama unachokitaka hasa ni kuogelea Blue Lagoon, usipite nchi kavu. Panda boti Latchi. Unafika bila vumbi, unaona miamba kutoka upande wake mzuri, na upande huo wa rasi umekingwa dhidi ya upepo wa magharibi unaochafua bahari ya Lara alasiri. Kuna boti zenye sakafu ya kioo, na kuna boti ndogo za injini ambazo Latchi hukodishwa hata kwa mtu asiye na leseni ya chombo cha baharini, baada ya maelezo ya dakika chache. Mimi mtoto wa pwani niliona maajabu kukabidhi chombo kwa mtu asiyejua tanga na tezi, lakini ndivyo. Nenda asubuhi. Saa sita mchana wa Julai maji yale ya buluu yana boti na muziki kama forodhani sikukuu ya Idi.

Boti haikupi kijiji, wala kleftiko, wala mkarobu, na viota vya Lara hutaviona.

Kwa hiyo nani aende na nini

Mkiwa na mzee au watoto, na ni mara yenu ya kwanza: jipi, bila kusita. Mkifika watano au sita, ulizeni bei ya jipi zima peke yenu. Pengo kati ya viti sita na gari zima mara nyingi ni dogo kuliko mnavyodhani, na hapo ule ubaya wa saa unaisha, maana dereva anasimama mnaposema ninyi. Hii ndiyo ningeifanya kama ningerudi kesho.

Wawili, vijana, viuno vizima, mnapenda chombo kuliko mandhari: bagi, majira ya machipuko, nafasi ya mbele. Lipieni siku nyingine ya boti kwa ajili ya kuona.

Gari la kukodi ni kwa anayependa kutembea kwa miguu na mwenye siku zaidi ya moja. Tumia lami: nenda Polis kupitia Stroumpi, lala huko, asubuhi na mapema fika Bafu la Afrodite kabla ya mabasi. Ni kibwawa chini ya mtini, maji yanachirizika kutoka kwenye jabali, na kuoga hairuhusiwi hata kama hadithi inasema mungu wa kike wa mapenzi alioga hapo na kukutana na Adonis. Wengi hukiona kidogo mno wakanuna. Lakini njia za miguu zinazoanzia hapo, zinazopanda hadi kilele cha Moutti tis Sotiras chenye kama mita 370, zinakupa rasi nzima kwa mkupuo mmoja, pande zote mbili za bahari, bila kulipa mtu.

Neno moja kwa vijana wetu wanaosoma vyuo vya kaskazini mwa kisiwa, maana Wakenya, Watanzania na Wakongo wapo huko. Kisiwa kimegawanyika tangu 1974, na serikali ya Jamhuri ya Kupro haiutambui uwanja wa ndege wa Ercan, ulio kaskazini, kama mlango halali wa kuingilia. Ukiwa umeingia kwa huko na pasipoti ya Afrika Mashariki, kwa kawaida hutaruhusiwa kuvuka mstari unaogawanya kisiwa kuja Paphos, hata uwe umelipia jipi. Usitume arbuni kabla ya kuhakikisha. Nyie mna rasi yenu, Karpaz, yenye punda wanaozurura barabarani na kuingiza vichwa dirishani wakiomba chakula, monasteri ya Apostolos Andreas karibu na ncha, na fukwe ambazo kasa nao wanazitumia.

Unapopiga simu kuweka nafasi ya jipi, uliza haya kabla ya bei: tunapita milango yote miwili au mmoja? Mabenchi ya nyuma yana mikanda? Watu wangapi kwenye gari? Chakula kimo? Anayejibu kwa haraka na kwa uwazi amezoea kuulizwa. Yule aliyetupeleka sisi alijibu yote manne, kisha akauliza lake moja: mzee wenu anapenda kukaa upande wa bahari au upande wa mlima?